James Kirkman na Magofu ya Pwani: Vipimo Vilivyodumu, Jina Lililokataliwa

Aghalabu mwanafunzi wa Kiswahili hulikuta jina la James Spedding Kirkman kwa mara ya kwanza katika mjadala kuhusu asili ya Waswahili, na hulikuta mahali pabaya. Hutajwa kama mfano wa wataalamu wa enzi ya ukoloni walioitazama miji ya mawe ya pwani ya Afrika Mashariki wakaona kazi ya wageni. Tuhuma hiyo ni ya haki, na ushahidi wake umo katika vitabu vyake mwenyewe. Hata hivyo, wengi wa waliomkosoa walizijenga hoja zao juu ya kuta alizozipima yeye, matabaka aliyoyaandika yeye na vigae alivyovihifadhi yeye. Wahenga walinena: mgala muue na haki yake umpe. Methali hiyo, kwa kinaya cha historia, ni ya pwani ile ile ambayo kuhamwa kwa miji yake kumehusishwa mara nyingi na mashambulizi ya hao walioitwa Wagala, yaani Waoromo. Haki ya Kirkman ni ipi basi, na kosa lake ni lipi?

Kirkman alizaliwa mwaka wa 1906. Alipokabidhiwa ulinzi wa magofu ya Gedi mwaka wa 1948, alikuwa mtu mzima wa miaka 40 na ushei. Magofu yenyewe hayakuwa siri. Yako yapata kilomita 16 kusini mwa Malindi, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, na wenyeji waliyajua vizazi na vizazi kabla ya Sir John Kirk, balozi wa Uingereza huko Zanzibar, kuyazuru mwaka wa 1884. Serikali ya kikoloni iliyatangaza kuwa mahali pa kihistoria mwaka wa 1927, na mnamo 1939 kazi ya kuzitegemeza kuta zilizokuwa zikianguka ikaanza. Mwaka wa 1948 Gedi ikafanywa mbuga ya taifa. Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba mji wa watu uliingizwa katika orodha moja na makao ya simba na tembo, lakini sheria iliyokuwapo ndiyo hiyo.

Kilichomkabili kilikuwa msitu. Ukuta wa nje wa Gedi unazunguka eneo la ekari 45, na ndani yake mizizi ya mibuyu na mikuyu ilikuwa imepenya katika viungo vya mawe, ikiyashikilia na kuyapasua kwa wakati mmoja. Waliokaa karibu waliamini kwamba mahali hapo pana mizimu. Kirkman mwenyewe alikiri kwa maandishi kwamba katika siku zake za mwanzo alihisi kama kwamba kuna mtu anayemtazama kutoka nyuma ya kuta. Kwa mtu ambaye maandishi yake mengi ni orodha za vipimo na vigae, ungamo hilo linashangaza, na pengine ndilo sentensi yake inayokumbukwa zaidi na watalii.

Ni vyema kuieleza kazi yenyewe, maana thamani yake haionekani mpaka ifahamike jinsi inavyofanywa. Kunakili jengo kongwe huanza kabla ya jembe kugusa ardhi. Kwanza eneo husafishwa kwa uangalifu, kwa kuwa mti unaong'olewa kwa pupa hung'oka na ukuta. Kisha huwekwa alama za kudumu ambazo kila kipimo kitarejea kwazo. Urefu wa kila ukuta hupimwa kwa utepe, na pia unene wake, upana wa kila mlango, kimo cha kila kidaka na pembe baina ya ukuta na ukuta. Pembe hiyo ni muhimu kwa sababu nyumba za pwani hazikujengwa kwa mraba kamili, na mchoraji anayezinyoosha kuta kwenye karatasi huwa amekwisha kusema uongo. Michoro hutengenezwa ya namna mbili. Ramani ya sakafu huonyesha jengo kama linavyoonekana kutoka juu, nao mchoro wa mkato huonyesha kama kwamba ukuta umekatwa kwa kisu ili matabaka ya lipu, mawe na udongo chini yake yaonekane. Hatimaye huja picha na maelezo ya maandishi.

Ufukuaji nao una sharti kali zaidi. Anayefukua anaharibu. Tabaka likishaondolewa halirudishwi, na kitakachobaki ni daftari lake tu. Iwapo daftari halisemi kigae fulani kilikuwa chini ya sakafu au juu yake, kigae hicho hakina tena tarehe wala ushahidi, hata kikiwekwa katika kabati la kioo. Zaidi ya hayo, ukuta uliozikwa hulindwa na udongo, na ukifunuliwa huanza upya kupigwa na mvua na jua. Kwa hivyo mfukuaji mwaminifu huwa na deni la kuuimarisha kila ukuta anaoufunua. Kwa miaka 10, toka 1948 hadi 1958, Kirkman alilipa deni hilo Gedi. Aliufunua Msikiti Mkuu, jumba la kifalme, makaburi na nyumba kadhaa, na leo mgeni anaweza kutembea vyumbani humo kwa kuwa kuta zilitegemezwa kadiri zilivyofukuliwa.

Msikiti Mkuu ulikuwa suala la kwanza, na taarifa yake ikatoka mwaka wa 1954. Paa lake lilibebwa na safu tatu za nguzo, na safu ya kati imesimama mbele ya mihrabu moja kwa moja, ikimkinga imamu na macho ya wengi waliosali nyuma yake. Mtindo huu unapatikana katika misikiti mingine kongwe ya pwani. Msikiti hauna mnara wa kuadhinia. Kando yake pana kisima na mahali pa kutawadhia. Katika pembe ya upinde wa mlango mmojawapo umechongwa mkuki wenye bapa pana. Kirkman aliuandika mkuki huo kama alivyoandika kila kitu kingine. Wasomaji wa baadaye waliukazia macho, kwani mkuki ni alama ya mamlaka katika jamii nyingi za Kiafrika, na hapa umechongwa juu ya mlango wa nyumba ya ibada.

Tatizo kubwa la Gedi lilikuwa la tarehe. Wareno walikaa Malindi kwa karibu karne nzima, mwendo wa saa chache kwa miguu, na hawakuutaja mji huo kwa jina lolote linalotambulika kwa yakini. Kirkman alikuwa na nanga moja tu ya uhakika, nayo ni kaburi lililoandikwa mwaka wa 802 wa Hijria, sawa na 1399 wa Miladi. Kwa kuwa kaburi lina tarehe, vigae vilivyo chini ya msingi wake vimelitangulia na vilivyo juu vimelifuata. Alilifukua kwa uangalifu mkubwa na akaliandikia kitabu kizima kilichotoka mwaka wa 1960. Kutoka hapo aliweza kuvipanga vyombo vya kigeni, yaani kauri za China na vyombo vya kung'aa vya Uajemi na Uarabuni, katika mfuatano wa miaka. Mfuatano huo ukawa kipimo cha pwani nzima. Waliofukua maeneo mengine baada yake walibeba majedwali ya Gedi kama seremala anavyobeba futi.

Nyumba alizipa majina kutokana na vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Sanduku la Pembe, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Ushanga wa Venisi. Kuna Nyumba ya Kauri na kuna Nyumba ya Bakuli la Kauri, na hapa Kiswahili kinamtega mfasiri, kwa kuwa kauri ya kwanza ni yule konokono wa baharini na ya pili ni udongo wa China. Majina haya ni ya kupendeza. Lakini ni majina ya vitu. Hakuna hata nyumba moja ya Gedi iliyo na jina la mwenyewe, na kipimo cha utepe hakiwezi kulirejesha.

Gedi haikumtosha. Katika miaka hiyo hiyo alifukua Kilepwa katika hori ya Mida, Mnarani juu ya mlango wa bahari wa Kilifi, na Takwa katika kisiwa cha Manda. Huko Takwa kaburi lenye nguzo ndefu halikuwa gofu tu, kwani watu wa Shela walikuwa wakivuka maji kwenda kuliombea mvua, desturi iliyoendelea baada yake. Hapo mpimaji alikutana na jengo ambalo bado lilikuwa na wenyewe.

Kwa msomaji wa fasihi, pengine hakuna eneo lenye mvuto kuliko Ungwana, karibu na mdomo wa mto Tana. Hizi ni nchi za Fumo Liyongo. Simulizi zinamweka shujaa huyo katika eneo la Ozi na Shaka, na kaburi linalosemekana kuwa lake huonyeshwa Kipini. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyeuandika utendi wa Liyongo mwaka wa 1913, alikuwa pia fundi wa kuchonga milango, kwa hivyo alizijua nyumba kwa mkono kama alivyozijua tungo kwa kalamu. Kirkman aliifukua Ungwana katika miaka ya 1950, akaonyesha jinsi msikiti wake mkuu ulivyojengwa, ukapanuliwa na kurekebishwa kwa awamu, na taarifa yake ikachapishwa mwaka wa 1966. Mtu anayetaka kujua mji wa enzi hizo ulikuwa na ukuta wa unene gani na kibla cha namna gani hana budi kuanza na taarifa hiyo. Anayetaka kujua watu wake waliimba nini hatapata humo neno.

Mwaka wa 1958 kazi yake ilihamia Mombasa. Fort Jesus ilikuwa imejengwa na Wareno kuanzia mwaka wa 1593 kwa ramani ya msanifu Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira toka 1696 na kuitwaa mwaka wa 1698, na baadaye ikawa ngome ya Wamazrui, ambao ugomvi wao na Zanzibar ndio uliompa Muyaka bin Haji maudhui ya tungo zake nyingi. Waingereza waliifanya jela kuanzia mwaka wa 1895. Wafungwa walipohamishwa mwaka wa 1958, Wakfu wa Gulbenkian wa Ureno ulitoa pauni 30,000 kwa minajili ya kuikarabati, na Kirkman akawa mlinzi wake. Jumba la makumbusho lilifunguliwa humo mwaka wa 1960.

Kazi ya Fort Jesus ilikuwa tofauti na ya Gedi. Gedi ilihamwa na kuachwa ilivyo, ilhali Fort Jesus haikuwahi kuachwa. Kila mwenyeji mpya alijenga juu ya kazi ya aliyemtangulia, akaziba mlango huu, akatoboa ule, akapaka chokaa juu ya michoro. Kunakili jengo la namna hiyo ni sawa na kuhariri mswada uliopitia mikono ya waandishi watano, kila mmoja akifuta na kuongeza. Kirkman alifuatilia awamu hizo chini ya sakafu za jela. Alifunua misingi ya kanisa la Wareno na ya majengo ya makapteni, akatenga kazi ya Waomani na ya Wareno, na michoro ya ukutani ya meli, watu na wanyama, inayodhaniwa kuwa ya askari na mabaharia wa Kireno, ikahifadhiwa ili ionekane na umma. Habari za kanisa lile zina ladha yake kwa wanaisimu, kwa kuwa neno gereza huhusishwa na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Ngome iliyokuwa na kanisa ikawa jela, na lugha ikavihifadhi vyote viwili katika neno moja.

Kila ukarabati ni uamuzi kuhusu nani aonekane. Ili kazi ya Wareno na ya Waomani ionekane, sehemu kubwa ya majengo ya jela iliondolewa. Kwa mtazamo wa mwaka wa 1958 jela ilikuwa uchafu uliofunika historia. Kwa mtazamo wa leo, miaka 60 na zaidi ya wafungwa wa kikoloni ni historia pia, na ni historia ya Wakenya kuliko ile ya makapteni. Ni vigumu kumlaumu Kirkman peke yake kwa jambo ambalo wahifadhi wengi wa zama zake wangelifanya vivyo hivyo, lakini hasara ipo. Tena, Kiswahili kilikuwa na kumbukumbu zake za ngome ile. Sir Mbarak Ali Hinawy, Liwali wa Pwani, alikuwa amechapisha mwaka wa 1950 kitabu chake kuhusu al-Akida na Fort Jesus, na mashairi ya Kiswahili ni sehemu ya ushahidi wake. Upande wa mawe na upande wa maneno ulikuwa mikononi mwa watu wawili tofauti katika mji mmoja.

Hapo ndipo penye kiini cha suala la Kirkman. Mwaka wa 1964, miezi michache baada ya Kenya kupata uhuru, alichapisha kitabu cha wasomaji wa kawaida kiitwacho Men and Monuments on the East African Coast. Humo alieleza bila kuuma maneno kwamba majengo ya kale ya pwani si mali ya Waafrika bali ya Waarabu na Waajemi walioingia Uarabu, watu waliochanganya damu na Waafrika lakini ambao utamaduni wao ulikuwa mbali kabisa na wa Waafrika waliowazunguka. Taarifa yake ya mwaka wa 1954 ilikuwa imekwisha kuuita Gedi mji wa Waarabu kwenye jalada lenyewe. Kwa taifa changa lililokuwa likijiuliza historia yake ni ipi, na kwa watu wa pwani waliokuwa wakiulizwa kama wao ni wenyeji au wageni, maneno hayo hayakuwa ya kitaaluma tu. Yaliwapokonya wajenzi nyumba zao, na Kiswahili kikaachwa kama lugha isiyo na mji.

Aliwezaje mtu aliyepima kwa uangalifu namna ile kukosea namna hii? Sababu moja ni aina ya ushahidi alioutumaini. Kauri za China na vyombo vya Uajemi hutoa tarehe, kwa hiyo humvuta mfukuaji. Vyungu vya kienyeji, ambavyo ndivyo vilivyojaa katika kila shimo, havikuwa na tarehe wakati huo, na kwa hivyo vilionekana havina la kusema. Maandishi ya makaburi ni ya Kiarabu, na msomaji mwepesi huichukua lugha ya kaburi kuwa lugha ya maiti. Sababu ya pili ni mahali alipofukua. Kirkman alifukua mawe. Nyumba za udongo na makuti, ambamo waliishi wengi wa watu wa Gedi, hazikuacha ukuta wa kufunua, na nafasi tupu baina ya majumba ikabaki tupu kwenye ramani. Mji ukaonekana kuwa wa matajiri wenye kauri. Sababu ya tatu ni fikra za wakati wake. Neville Chittick, aliyefukua Kilwa na Manda, alikuwa na mwelekeo unaokaribiana na huo, na katika vyuo vya Ulaya ya zama hizo ni wachache waliotarajia kukuta mji uliojengwa na Waafrika.

Sababu ya nne inawahusu wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja, nayo ni ya msamiati. Kirkman alivieleza vyumba kwa istilahi za Kiingereza, kama vile ua uliozama, chumba cha mbele, chumba cha nyuma. Katika miaka ya 1970 msanifu majengo Usam Ghaidan, mzaliwa wa Iraq, alifanya upimaji wa mji wa Lamu uliotoa kitabu kuhusu mji wa Waswahili mwaka wa 1975 na kingine kuhusu uhifadhi wake mwaka wa 1976. Lamu ilikuwa hai, na mpimaji aliweza kumwuliza mwenye nyumba. Hivyo ramani zake zikaja na maneno: daka, mahali pa kukaa na mgeni asiyeingia ndani, tekani, kiwanda, msana wa tini na msana wa yuu, vyumba virefu vinavyofuatana na kupanda kidogo kidogo, kisha ndani, penye faragha ya wenye nyumba, na zidaka zake ukutani. Vyumba ni vyembamba kwa kuwa boriti ya mkoko haivuki zaidi ya takribani mita tatu, na mpangilio wake ni wa hatua kutoka kwa mgeni hadi kwa aila. Ukiirudisha ramani ya Kirkman ya nyumba za Gedi mbele ya istilahi hizi, vyumba vyake vinaanza kusomeka. Ukumbi, vyumba virefu vilivyofuatana na chumba cha ndani kabisa vimo, navyo vimepimwa barabara. Kilichokosekana ni lugha ya kuvisomea.

James de Vere Allen, aliyesimamia makumbusho ya Lamu, alilifahamu hilo mapema. Mwaka wa 1977 alitoa toleo la Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, pamoja na picha za magofu na nyumba za Lamu na Pate. Utenzi huo unayaeleza majumba ya matajiri wa Pate yaliyoanguka, chumba kwa chumba na pambo kwa pambo. Kwa namna yake ni waraka wa usanifu majengo, na si mawaidha pekee. Allen aliwapinga akina Kirkman kwa hoja kwamba pwani ilikuwa na wenyewe kabla ya mgeni, na kitabu chake juu ya asili ya Waswahili kilitoka mwaka wa 1993, baada ya kufa kwake.

Wakati huo udongo nao ulikuwa umeanza kujibu. Mark Horton, akifukua Shanga katika kisiwa cha Pate katika miaka ya 1980, alikuta chini ya msikiti wa mawe mfuatano wa misikiti midogo ya miti na udongo inayorudi hadi karne ya 8, pamoja na vyungu vya kienyeji tangu tabaka la chini. Mji ulikua kutoka kwenye udongo hadi kwenye mawe mahali pale pale. George Abungu alirejea Ungwana ya Kirkman na maeneo ya mto Tana, akaonyesha uhusiano wa miji ya delta na watu wa bara kwa kuvifuata vyungu vile vile vilivyokuwa vimepuuzwa. Derek Nurse na Thomas Spear, mwaka wa 1985, walitumia isimu kuiweka lugha yenyewe miongoni mwa ndugu zake wa Kibantu wa pwani. Huko Gedi, uchunguzi wa Stéphane Pradines toka 1999 hadi 2003 uliurudisha mwanzo wa mji nyuma kuliko Kirkman alivyokadiria. Mwaka wa 2023 utafiti wa chembe za urithi kutoka katika makaburi ya miji kadhaa ya pwani, Mtwapa ikiwa mojawapo, ulionyesha uzazi mchanganyiko tangu takribani mwaka wa 1000, mama wakiwa Waafrika kwa sehemu kubwa na wengi wa baba wageni wakitokea Uajemi. Matokeo hayo hayamrudishii Kirkman hoja yake. Damu ya baba mgeni haijengi nyumba kwa lugha ya mama, na waliokaa katika nyumba hizo walisema Kiswahili.

La kuangaliwa ni kwamba hakuna hata mmoja wa hao aliyelazimika kuitupa michoro ya Kirkman. Alipokosea tarehe, tabaka aliloliandika liliwezesha tarehe kusahihishwa. Alipopuuza chungu, mara nyingi alikuwa amekichora. Wapo wafukuaji waliokuwa na maoni mazuri kuliko yake juu ya Mwafrika na ambao madaftari yao hayamfai mtu, kwa sababu walifukua na hawakuandika.

Gedi na Fort Jesus zilihamishiwa mikononi mwa makumbusho ya taifa mwaka wa 1969. Kirkman aliendelea na ngome hadi alipostaafu mwaka wa 1972, na taarifa yake kubwa juu yake ikatoka mwaka wa 1974. Meli ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama chini ya ngome mwaka wa 1697 wakati wa mazingira ya Waomani, ilikuwa imemshughulisha pia, nayo ikafukuliwa na wapiga mbizi kati ya 1977 na 1980. Alifariki mwaka wa 1989. Fort Jesus iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka wa 2011, miaka 10 baada ya Lamu. Gedi ilisubiri hadi 2024, na ilipoingia katika orodha hiyo ilitambuliwa kama mji wa Waswahili. Nyumba zake, hata hivyo, zingali zikijulikana kwa majina aliyozipa Kirkman: ya Mkasi, ya Taa ya Chuma, ya Ushanga wa Venisi.